Miwani ya Mama Mkwe

Mwaka jana nusura ndoa yangu iingie doa kwa sababu ya shilingi 20,000.

Kila mwisho wa mwezi mimi ndiye ninayemtumia mama mkwe 50,000 kwa simu. Miezi miwili mfululizo mama akapiga: "Mwanangu, mbona nimepata 30,000 tu?" Nikamwonyesha mume wangu meseji zote. Akaguna, akaniangalia. Bora angefoka!

Basi bwana, Desemba mama akaja Dar kututembelea. Meseji ikaingia, akaninyooshea simu: "Hebu nisomee, miwani nimeisahau." Miwani ilikuwa kichwani kwake. Nikachoka! Kumbe kule Mwanza kijana wa jirani ndiye msomaji wake, na namba ya siri anayo yeye.

Akanishika mkono. "Usimwambie mwenzio." Mwanawe wa kumzaa, mwenye digrii mbili, hakujua kama mama yake hajui kusoma.

Nikamtajia madarasa ya kisomo. "Ngumbaru? Nikakae na daftari kama mtoto?" Kusema kweli nilimwelewa. Mtu aliyeuza dagaa Mwaloni miaka 30, mahesabu yote kichwani, utamwanzishia a, e, i, o, u?

Wazee wetu walilijua hili zamani. Kuanzia 1968, kwenye mradi wa kisomo wa Kanda ya Ziwa uliosaidiwa na UNESCO, vitabu viliandikwa kuhusu pamba, migomba, ng'ombe na uvuvi: mtu anasoma kile anachokishika kila siku. Na mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakalisha watu vikundi vikundi kusikiliza redio, wakiinuka hapo wanakwenda kuchimba vyoo.

Sisi darasa letu likawa jikoni, kitabu chetu simu yake. Tarakimu alizijua tayari, shule yake ilikuwa noti, kwa hiyo tukaanzia hapo. Neno la kwanza UMEPOKEA, la pili SALIO. Namtumia 1,000, anasoma, ananirudishia. Maneno magumu nilimrekodia kwa sauti yangu na kumwandikia chini yake. Usiku namsikia chumbani anayarudia peke yake, taratibu, mara kumi kumi. Darasani nani angemsubiri hivyo? Kuna siku alinifokea, kuna siku alilia. Tukachambua mchele, tukaendelea.

Namba ya siri aliibadilisha mwenyewe. Mimi niligeukia dirishani.

Alikaa wiki sita, akarudi Mwanza. Mwisho wa mwezi nikatuma kama kawaida. Jioni tuko mezani, simu ya mume wangu ikalia: NIMEPATA 50000 ZOTE MSHUKURU MKEO.

Akaisoma mara mbili. "Huyu nani kamwandikia mama?"

Nikamwambia ampigie amuulize mwenyewe.