Biashara Haigombi: Kumbukumbu za Bunia Mjini

Wazee wa Bunia wakutanapo baada ya Misa, hawakawii kuikumbuka barabara kuu ya mji ilivyokuwa zamani: maduka yenye mabaraza, malori yaliyopakia tangu alfajiri, akina mama na vikapu vyao. Vijana huwasikiliza kwa adabu, kisha hucheka pembeni, kwani wao waiona barabara hiyo hiyo leo, imejaa pikipiki na makelele. Wanajiuliza: ni kitu gani kilichopotea? Juma hili twapenda kulijibu swali hilo, maana si swali la wazee peke yao.

Kwanza tuone jinsi mji ulivyopata nguvu. Mwaka 1903 dhahabu ilionekana katika Ituri, na miaka miwili baadaye kazi ya kuichimba ilianza huko Kilo. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni kubwa ya Kilo-Moto. Wafanya kazi maelfu walihitaji chakula, nguo, chumvi na sabuni. Bidhaa zilitoka Mombasa, zikavuka Uganda kwa reli, kwa meli na kwa motokari hata bandari ya Butiaba. Hapo meli ya ziwa Albert ilizipokea na kuzileta Kasenyi, upande wa Kongo. Kutoka Kasenyi malori yalipanda mlima, yakapita Bogoro, yakaingia Bunia. Bunia ikawa ghala la nchi nzima: njia moja yaenda migodini, nyingine Irumu na msituni mpaka Kisangani, nyingine Mahagi.

Wafanya biashara Wagiriki na wageni wengine walifungua maduka. Lakini mji haukulishwa na maduka hayo peke yake. Mkulima Mlendu alileta maharagwe na mihogo. Mfugaji Mhema alileta maziwa na ng'ombe. Mualuri na Mbira nao walikuja na mazao yao. Wavuvi walipandisha samaki wa chumvi kutoka ziwani. Kila mmoja alimhitaji mwenziwe, kwa sababu hapana aliyeweza kula maharagwe matupu mwaka mzima. Wahenga walisema kweli: biashara haigombi.

Hata hivyo, tusiipambe zamani kupita kiasi. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, mtaa wa Wazungu na mtaa wa Waafrika ilikuwa mbali mbali, na Mwafrika hakuruhusiwa kutembea usiku katika mtaa wa Wazungu pasipo cheti. Asifuye barabara ile asikisahau cheti kile. Tunacholilia si utawala ule, bali ni soko.

Mji haukufifia siku moja. Ulipungua polepole, kama maji ya mtungi uliopata ufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipanda sana, yakaifunika bandari ya Butiaba, na safari za meli zikakoma. Mwaka 1964 vita vya Simba vilipita hapa na kuacha majonzi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa wananchi. Wengi waliozipata hawakuwa na ujuzi wa kazi hiyo: waliuza mali waliyoikuta, wakala faida pamoja na mtaji, wasiagize nyingine. Kampuni ya dhahabu nayo ilidhoofika. Dhahabu ikaanza kupita mikononi mwa wachuuzi na kuvuka mipaka bila kuuacha mji na faida kubwa.

Lakini hayo yote, wasomaji, yaliuumiza mji tu; hayakuuua. Mtungi wenye ufa bado huteka maji. Lililouvunja lilikuja na vita vilivyoanza mwaka 1999, jirani alipoanza kumwogopa jirani yake. Februari 2003 watu wengi waliuawa Bogoro, pale pale malori yalipokuwa yakipita kwa amani. Mwezi wa Mei mwaka huo, majeshi ya Uganda yalipokwisha ondoka, vikundi vyenye silaha viliupigania mji wa Bunia. Mamia ya raia waliuawa. Katika parokia ya Nyakasanza waliuawa watu waliokimbilia humo, na mapadri wawili pamoja nao. Maelfu walilala karibu na uwanja wa ndege na kando ya makao ya askari wa Umoja wa Mataifa. Maduka yaliporwa. Juni wakafika askari wa Umoja wa Ulaya, wakiongozwa na Wafaransa, na milio ya bunduki ikapungua mjini.

Baadaye mji ulijengwa tena. Barabara ilitiwa lami, maduka mapya yakafunguliwa, na mwaka 2015 Bunia ikawa makao makuu ya Jimbo la Ituri. Kumbe kuta hurudi upesi! Lakini wako akina mama ambao hata baada ya hapo walizunguka mbali ili wasinunue kwa mtu wa kabila lile. Tena tangu mwisho wa mwaka 2017 mauaji yalirudi katika Djugu, na waliokimbia wakaja kutafuta kimbilio Bunia. Kidonda kilichokuwa kikikauka kikatoneshwa.

Basi, hiki ndicho kilichopotea: si mabaraza wala malori, bali ile hali ya mtu kumkopesha asiye wa ukoo wake, akijua kwamba atarudi siku ya soko na kumlipa. Mkopo ni imani. Askari aweza kulinda duka, lakini hawezi kumfanya muuzaji amwamini mnunuzi.

Ninyi wazazi, angalieni maneno yenu mezani. Mtoto aambiwaye, "Usinunue kwa wale," amefundishwa vita kabla hajajua kusoma. Mtumeni akanunue chumvi kwa jirani yule mnayemwogopa, naye amsalimu kwa heshima na kutaja jina la nyumba yake. Pengine siku ya kwanza atapokewa kwa mashaka. Mtumeni tena.

Nanyi wanafunzi, badala ya kuwacheka wazee, waulizeni swali moja: "Babu, zamani ulipokosa fedha, nani alikukopesha?" Lisikilizeni jina watakalolitaja. Huenda mkashangaa kusikia ni la kabila gani.