Fundi, nionyeshe hesabu kabla ya mkasi
Na Zuhura Mtengeti

"Kitambaa hakikutosha, mama. Ongeza yadi moja na nusu." Kuanzia Tandika na Mbagala hadi Tandale na Mwananyamala, sijui mteja ambaye hajawahi kuambiwa hivyo. Ukiuliza kwa nini, fundi anakuonyesha vipande vilivyozagaa chini ya cherehani. Hesabu haonyeshi. Kwa gauni tunakubali yaishe, maana miili yetu ina mambo yake. Lakini ipo kazi moja isiyo na kisingizio hicho: shuka la viraka. Kitanda hakinenepi.

Chukua mshono ambao washonaji wa Marekani wameupa jina la bata bukini warukao. Kila kiraka ni mstatili wenye pembetatu kubwa katikati na mbili ndogo pembeni, na upana wake ni mara mbili ya kimo. Tuseme unataka kiraka cha inchi 6 kwa 3 kikiwa kimeshashonwa. Kitanda cha tano kwa sita ni inchi 60 kwa 72. Kwa upana vinaingia viraka 10, kwa urefu 24. Jumla 240. Hadi hapo hata mtoto wa shule ya msingi hashindwi.

Kazi inaanzia kwenye akiba ya mshono. Tuseme ni robo inchi kila upande. Njia iliyo nyepesi ni kukata mstatili wa inchi 6½ kwa 3½, kuweka mraba wa inchi 3½ kwenye kila kona ya upande mmoja, kushona mshazari, kisha kukata kona. Kiraka kinatoka kizuri. Ila kila ukikata kona unakata vitambaa viwili kwa mpigo, cha juu na cha chini, na vyote vinaishia kwenye kiroba.

Njia ya pili inataka kichwa kidogo. Unakata mraba mmoja wa inchi 7¼ na miraba minne midogo ya inchi 3 na thumuni 7. Miwili midogo unailaza kwenye kona zinazotazamana za ule mkubwa, unapiga mstari wa chaki kona hadi kona, unashona robo inchi huku na huku ya mstari, halafu unakata katikati. Kila nusu unaiwekea mraba mdogo mmoja kwenye kona iliyobaki, unashona na kukata vilevile. Unapata viraka vinne, na kinachotupwa ni vincha tu.

Vipimo hivyo havikuokotwa. Mshono wa mshazari unakula kitambaa kuliko mshono ulionyooka. Mraba utakaokatwa mara moja kona hadi kona unaongezewa thumuni 7 za inchi juu ya upande mfupi wa pembetatu inayotakiwa. Hiyo ndiyo 3 ikawa 3 na thumuni 7. Utakaokatwa kona zote nne unaongezewa inchi moja na robo juu ya upande mrefu. Hiyo ndiyo 6 ikawa 7¼. Fundi akishika kanuni hizo mbili, atashona kiraka cha ukubwa wowote anaoutaka.

Sasa tazama pesa. Kwenye kitenge chenye upana wa inchi 45, njia ya kwanza inakula inchi 130 za urefu kwa mistatili na 140 kwa miraba: inchi 270, yaani yadi 7½. Njia ya pili inakula inchi 72½ kwa miraba mikubwa na 85¼ kwa midogo: haifiki yadi 4½. Kitanda kilekile, viraka 240 vilevile, tofauti ni yadi tatu. Ukichanganya vitenge viwili vya rangi mbili, jumla haibadiliki. Kwa njia ya kwanza, kitambaa cha yadi sita hakitoshi. Kwa ya pili, kinabaki cha kumshonea mtoto.

Wanawake wa Pwani hawakuwa wageni wa hesabu hizi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 walinunua leso sita zikiwa bado kwenye mtando wake, wakazikata tatu tatu, wakaunganisha ubavu kwa ubavu kupata nguo moja ya kujifunga. Huko ndiko khanga ilikoanzia. Aliyeunga leso hizo alijua itakayobaki mshono ukishachukua chake.

Najua fundi atajibu kwamba mteja anataka nguo kesho na hakuna anayemlipa kukaa na kalamu. Ana haki. Basi tumlipe. Shilingi chache za kukaa na daftari ni nafuu kuliko yadi tatu za kitenge. Naye atajua kipande gani cha sakafuni kinafaa kutunzwa: chenye inchi 7¼ kila upande kinatoa mraba mkubwa, chenye inchi nne kinatoa mdogo. Kilicho chini ya hapo ndicho kiende gereji kufutia mikono.

Na walimu wa Hisabati, somo linalowaangusha vijana wetu kila mwaka kwenye mtihani wa kidato cha nne, wangeingia darasani na futi kamba na kitambaa. Sehemu zingeeleweka.

Kwako msomaji: safari ijayo fundi akikuomba nyongeza, usigombe. Mwombe karatasi yenye vipimo. Kama hana, chukua kitambaa chako, tafuta mwenye nayo.