Gemu Haikukuonea, Hukuitazama

Hoja ya wakosoaji ni hii: gemu ngumu za Nintendo ya zamani zilikuwa katili tu, na anayezisifu leo anasifu utoto wake.

Utoto upi? Ninja Gaiden ya mwaka 1988 nimeimaliza nikiwa mtu mzima.

Eti ugumu ulificha ufupi. Shairi nalo ni fupi. Nani analilaumu kwa kutaka lirudiwe?

Dai bovu kuliko yote ni kwamba kuzishinda ni bahati nasibu. Msemaji hakucheza. Mwewe wa hatua ya 6-2 ya Ninja Gaiden hutokea palepale kila mara. Ukirudi nyuma kidogo, adui uliyemuua huibuka tena, kwa sababu pahali pake pameingia upya ukingoni mwa kioo. Hiyo ni kanuni, na kanuni hufundishika: usirudi nyuma, kata upanga mapema, ruka. Unasukumwa shimoni mara ishirini. Ya ishirini na moja kidole kinajua chenyewe. Bahati haifundishi kidole.

Kurudishwa 6-1 ukishindwa na bosi wa mwisho ni uonevu, hilo nakubali. Lakini nafasi za kuendelea hazina kikomo. Aliyekata tamaa ni mchezaji. Mchagua jembe si mkulima.