Kiatu cha Baniani

Methali yasema Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Waswahili wameirudia vizazi kwa vizazi bila ya kuona kuwa inawasema wao kuliko inavyomsema Baniani: kiatu kimetwaliwa, mwenye kiatu kaachwa nje.

Ndivyo wafanyavyo wale waandikao juu ya utamaduni wa Mji Mkongwe kana kwamba hekalu la Kihindu la Hurumzi ni la wageni waliopita njia. Huusifu mlango wa Unguja kwa beti nzima, ilhali milango mingi ya mji huo, ile yenye mbao za kukunjwa, ni ya mtindo wa Kigujarati. Hula chapati, hupanda gari, hukata bima, na maneno yote hayo asili yake ni Bara Hindi. Hata Wampembe, huko Ufipani kando ya Ziwa Tanganyika, muuza dagaa anapohesabu pesa zake hutamka laki wala haulizi neno limetoka wapi. Neno limevuka bara zima hadi ziwani. Nyumba ya ibada ya waliolileta haijapewa hata mshororo.

Watajibu kwamba Mabaniani walikuwa wachuuzi tu. Walifanya biashara, kweli, na nyingine ilikuwa chafu. Kampuni ya Jairam Shivji, Bhatia wa Kutch, ilikodi forodha ya Unguja kwa Sultani kwa miongo kadhaa ya karne ya 19, na ushuru wa watumwa ulipita humo humo. Hilo liandikwe, wala lisipambwe. Lakini Beit al Ajaib nayo ilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, ambaye utajiri wa ukoo wake ulitoka katika karafuu zilizochumwa na watumwa. Sehemu yake ilipoporomoka Disemba 2020 watu waliomboleza, na walikuwa na haki. Ni mizani gani hii inayolisamehe jumba na kulihukumu hekalu?

UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe katika urithi wa dunia mwaka 2000, iliitaja India pamoja na Afrika, Uarabuni na Ulaya. Wageni wameliona hilo kabla ya malenga wa mji wenyewe!

Wahindu wengi waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Waliobaki ni wachache, nao ndio wanaolitunza hekalu. Malenga apitaye Hurumzi akasikia kengele, na aandike alichokisikia.