Kode ya siri tutailinda sisi. Benki nazo ziseme lugha yetu



Siku moja katika grupu yetu ya WhatsApp kijana mmoja aliandika: «Wakubwa, niko na deni ya kulipa dola 50 ku intaneti juu ya kuomba iniversite. Nani iko na karte anisaidie? Nitamurudishia leo leo ku telefone.» Kaka mmoja wa roho nzuri akajibu. Akapiga karte yake picha mbele, akaipiga nyuma, akatupa picha zote mbili mule mule katika grupu. Tulikuwa watu zaidi ya mia mbili. Tukapiga kelele: futa! Akafuta, lakini dakika kumi zilikuwa zimeisha pita. Kisha siku mbili, mesaje ikaingia: dola 140 zimetoka kwenye konti yake, zimelipa vitu katika duka ambalo hajawahi kusikia jina lake.

Alienda ku benki. Ku gishe walimujibu: «Ni wewe mwenyewe ulitoa namba. Imeandikwa katika mkataba.» Na ni kweli, iliandikwa. Kwa Kifaransa, herufi ndogo sana, ku ukurasa wa saba, na siku alipotia sahihi hakuna mtu aliyemusomea hata mstari mmoja. Benki hiyo hatutaitaja, kwa sababu habari ya namna hii inaweza kutoka katika benki yoyote.

Basi leo tunasema mambo mawili. La kwanza ni letu: tujifunze kulinda karte zetu, kwa sababu hakuna mwingine atatulindia. La pili ni lao: wale wanaotuuzishia karte wana deni ya kutueleza, katika lugha tunayosikia, kile wanachotuuzishia.

Kuna watu watauliza: kwa nini vijana wa haki za raia wanazungumuza karte za benki, wakati barabara zimekufa na watu wanauawa huko mashambani? Tunawajibu: haki ya mtu haiachi nje feza yake. Munakumbuka ile RAM? Ilianza mwaka 2020, ikakula unite zetu ku telefone bila mtu kutuuliza. Tulilalamika, wanainchi wakakataa, na mwaka 2022 ikaondolewa. Feza kidogo kidogo ya watu wengi ni feza nyingi. Na karte leo si kitu cha matajiri tu. Anayeomba iniversite ya inje analipa na karte. Anayetafuta viza mara nyingi analipa na karte. Dada anayetangaza nguo zake ku Facebook analipa na karte. Butembo ni muji wa biashara. Wazee wetu walienda Dubai na Guangzhou na makuta katika mkoba, lakini vijana wao wanaagiza mali wakiwa wamekaa nyumbani.

Kwanza, ujue karte unayobeba. Wengi wetu tunaita kila karte «karte ya kredi», na kumbe si hivyo. Kuna ile inayokata moja kwa moja feza yako iliyo ku konti. Kuna ile unayojaza mbele, kama vile unavyonunua unite: ukitia dola 20, iko na dola 20, basi. Na kuna karte ya kredi yenyewe: hapo unatumia feza ya benki, halafu unairudisha pamoja na riba. Hiyo ya tatu si mshahara wa pili. Ni deni.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme umetumia dola 300 za kredi, na riba ni 3 kwa mia kila mwezi. Benki inakuambia: lipa tu dola 15 kwa mwezi, hakuna shida. Mwezi wa kwanza, katika zile 15, dola 9 zinaenda ku riba. Ni dola 6 tu zinapunguza deni. Kisha mwaka mzima umelipa dola 180, na bado unadaiwa karibu 215! Ili umalize itakuomba miezi 31, na utakuwa umetoa dola 465 kwa kitu cha 300. Hapo hatujahesabu malipo ya karte yenyewe ya kila mwezi wala faini ya kuchelewa. Basi mbele ya kusema «ndiyo», uliza maswali manne: Riba ni ngapi, na ni ya mwezi ao ya mwaka? Karte inakata ngapi kila mwezi hata nisipoitumia? Nikilipa kwa feza ya inchi ingine munakata ngapi? Nikichelewa siku moja, inakuwaje? Anayeshindwa kukujibu kwa namba, usitie sahihi kwake.

Pili, kuomba karte. Hapa njo wezi wengi wanatungojea. Unafungua Facebook, unaona tangazo: kredi ya dola 1000, bila dhamana, jibu katika saa 24. Picha ya benki kubwa iko pale, na namba ya WhatsApp. Unaandika, wanakuita «mheshimiwa mteja». Kisha wanaomba picha ya karte yako ya mchaguzi, mbele na nyuma, na picha ya uso wako. Kisha wanaomba dola 25 za kufungua dosie. Ukituma, wanaomba 40 za bima. Ukituma tena, namba inazimika. Kredi hakuna, makuta hakuna, na picha ya karte yako ya mchaguzi iko mikononi mwa mtu usiyemujua.

Ile picha si kitu kidogo. Kwa miaka mingi Leta haikutupatia karte ya uraia, kwa hiyo karte ya mchaguzi imekuwa kitambulisho chetu cha kila siku: unaitumia kununua sim, kufungua konti, kupokea feza. Anayekuwa nayo pamoja na picha ya uso wako anaweza kujaribu kujifanya wewe, akomboe deni kwa jina lako. Basi tushike sheria hii moja: anayetaka kukukopesha hakuombi umutumie makuta yako kwanza ku telefone. Akiomba, ni mwizi. Hata kama anasema Kifaransa kizuri, hata kama ametumwa na rafiki wa rafiki.

Ukitaka karte, enda mwenyewe ku ajansi ya benki, ukae mbele ya mtu. Kama ni lazima kuomba ku intaneti, andika mwenyewe anwani ya benki. Usifuate njia uliyotumiwa katika mesaje. Programu ya benki uichukue katika duka rasmi ya telefone yako, hapana katika grupu. Na ujue kwamba benki ya kweli inafanya kazi kwa ruhusa ya Benki Kuu ya Kongo. Ile ambayo haina ajansi wala ruhusa, iko na WhatsApp tu, haiko benki.

Tatu, kutumia. Ndugu, karte yako iko na siri ngapi? Kuna namba ndefu ya mbele, kuna tarehe ya mwisho, kuna namba tatu za nyuma, kuna kode ya siri ya ku mashine, na kuna ile kode inayoingia kwa mesaje wakati unalipa. Mwizi wa intaneti hahitaji plastiki yako. Namba ya mbele, tarehe na zile tatu za nyuma, mara nyingi hizo zinamutosha. Kwa hiyo picha ya karte ni karte yenyewe. Usiipige, usiitume, hata kwa mchumba.

Ile kode ya mesaje nayo ni kama sahihi yako. Mtu akikupigia akisema, «Niko wa benki, tunataka kurekebisha konti yako, nisomee kode iliyoingia», kata telefone. Benki haihitaji umusomee mtu kode hiyo. Tena watu hao wanajua kutisha: wanasema konti yako itafungwa katika dakika tano. Wanataka ukimbie bila kufikiri. Wewe vuta pumzi, kata, halafu upigie benki mwenyewe kwa namba iliyoandikwa nyuma ya karte.

Kwa manunuzi ya intaneti, shauri letu ni hili: tumia ile karte ya kujaza mbele, tena tia tu feza unayohitaji siku ile. Hata wakiiba namba, watakuta sanduku tupu. Usilipe ukiwa ku kompyuta ya siber ao ku intaneti ya bure ya watu wote. Duka ikikuuliza kama ibakie na namba zako, jibu hapana. Ile alama ya kufuli ku anwani inaonyesha tu kwamba njia imefungwa; haionyeshi kwamba yule aliye mwisho wa njia ni mtu mwaminifu. Wezi nao wanaweka kufuli! Angalia jina la duka herufi kwa herufi. Bei ikiwa nusu ya bei ya watu wote, jiulize juu ya nini.

Omba benki ikutumie mesaje kila mara feza inapotoka. Andika namba ya kufunga karte ku karatasi, uiache nyumbani, kwa sababu siku watakapokuibia telefone hutakuwa nayo. Na ukipoteza sim, kimbia kuifunga siku ile ile: kode zote zinaingia mule.

Na kama ndugu anakuomba umulipie? Kusaidiana ni kwetu, hatuwezi kuikataza. Lakini umwambie: kuja hapa, tukae pamoja, wewe andika majina yako, mimi nitaandika namba zangu mwenyewe, kisha tufunge. Itakuomba robo saa. Ile robo saa ingemubakizia kaka yetu dola zake 140.

Sasa tunageukia wakubwa wa benki.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha kwanza kabisa, inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Inasema pia kwamba Leta inazikuza bila ubaguzi. Lakini ingia katika ajansi nyingi za huku kwetu: tangazo ku ukuta linakuita kwa Kiswahili kizuri, «Fungua konti leo!», halafu mkataba unaletwa kwa Kifaransa peke yake. Wakitaka feza yetu wanajua Kiswahili. Wakitaka kutuhukumu wanakisahau.

Tunaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji muujiza. Moja: kila mkataba wa karte uwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye riba, malipo yote na majukumu ya kila upande, kwa namba zinazosomeka. Mbili: namba ya bure ya kufunga karte, inayojibu usiku na mchana, na mtu anayesikia Kiswahili. Tatu: mteja anayelalamika ajibiwe kwa maandishi, si kwa mdomo ku gishe mbele ya foleni. Inchi yetu iko na Kode ya Numeriki ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inayosema juu ya ulinzi wa habari za mtu na juu ya makosa ya intaneti. Benki Kuu iko na kazi ya kuangalia mabenki. Sheria ikibakia Kinshasa katika kabati, mama wa soko wa Butembo itamufaidia nini?

Wala tusidanganyane kwamba karte ni dawa ya kila kitu. Mwezi wa kwanza wa 2025 benki za Goma zilifunga milango, na wenzetu wakabakia na plastiki mfukoni wakati watoto walikuwa na njaa. Feza ya mtu isikae yote mahali pamoja.

Wewe unayesoma, usingoje benki ibadilike. Leo jioni fungua telefone yako, tafuta picha ya karte yako ao ya karte ya mtu mwingine, ufute. Kisha keti na mama, na yaya, na mdogo wako, uwaeleze kwa maneno yako ile kode ya mesaje ni kitu gani. Na siku utakapopewa mkataba usiousikia, weka kalamu chini, useme kwa heshima: «Aksanti, lakini munisomee kwanza kwa Kiswahili.» Tukiwa watu kumi wa kusema hivyo ku gishe moja, watatuona wasumbufu. Tukiwa elfu moja, watachapa ule ukurasa.