Kipimo cha Mlonge Kisigeuzwe Tangazo

Nina paketi mbili za unga wa mlonge kutoka kwa wauzaji wawili wa Kariakoo. Unga mmoja ni wa kijani, mwingine umefifia na kufanana na ugoro. Zote zimeandikwa "mlonge halisi", zote zinadai kutibu magonjwa 300. Jani likishasagwa, hata mkulima aliyeupanda mti hawezi kuapa kuwa ni lenyewe.

Maabara inaweza. Ndani ya seli za jani mna kloroplasti, vijumba vya kijani vinavyonasa mwanga wa jua, na vina vinasaba (DNA) vyake mbali na vile vya kiini cha seli. Wajapani walikamilisha kusoma vinasaba vya kloroplasti ya tumbaku mwaka 1986. Vya mlonge navyo vimeshasomwa: herufi takribani 160,000, ilhali za kiini zinapita milioni 200. Udogo huo unapunguza gharama. Tena kila seli ya jani imejaa nakala zake, kwa hiyo hata jani lililoanikwa na kutwangwa huweza kubakiza vipande vya kusomeka. Hapo mlonge wetu, wenye asili ya India, utatengwa na ndugu yake *Moringa stenopetala* wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, au na majani ya mchicha yaliyotiwa kujaza paketi.

Wanaosema huu ni ufahari wa wanasayansi, siwaungi mkono. Mama anayemkorogea mtoto uji kwa unga huo ana haki ya kujua anachokoroga.

Lakini wafanyabiashara nao nawaona wanavyojiandaa. Kesho utasikia mlonge "uliothibitishwa na DNA", kana kwamba DNA imeona mgonjwa akipona. Kloroplasti hutaja jina la mmea tu. Haisemi jani lilivunwa lini, lilianikwa juani au kivulini, wala lina vitamini kiasi gani. Na kwa kuwa katika mimea mingi hurithiwa upande wa mama, chotara anaweza kupita bila kugundulika. Habari ya tiba inataka kemia, na inataka majaribio kwa watu.

Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali tumeizoea kwa vipimo vya DNA katika kesi za kugombania watoto; sasa ipime na mlonge. Mamlaka zichukue paketi sokoni bila taarifa, zipimwe, majina ya zilizochakachuliwa yatangazwe. Na ile "magonjwa 300" ifutwe leo. Kuifuta hakuhitaji maabara.