Theluji ikianguka penye joto, tusiwacheke raia, tuwaulize viongozi

Kila mara theluji inapoanguka katika nchi isiyoizoea, mambo mawili yanafuata. Kwanza wakaaji wanatoka nje mbio, simu mkononi, wanaruka na kucheza kama watoto. Kisha watu wa nchi za baridi wanaanza kuwacheka: sentimita tano tu za theluji, na mji mzima umesimama! Sisi huku mashariki ya Kongo tunapokea video hizo kwenye WhatsApp, mara nyingi zimetumwa na ndugu zetu wenyewe walioko Johannesburg, Houston ao Dallas, na sisi pia tunacheka.

Maoni yangu ni kwamba kicheko hicho kinamwangukia mtu asiyestahili. Raia anayeshangilia theluji hana kosa, na yule anayeogopa kuendesha gari juu yake ana akili timamu. Wanaopaswa kuulizwa ni wale waliopewa kazi ya kufikiri mapema: wanaosimamia umeme, maji, barabara na mashule. Theluji ya nadra ni mtihani wao.

Tuanze na furaha. Jumatatu tarehe 10 mwezi wa saba 2023, theluji ilianguka Johannesburg. Mara ya mwisho mji huo kuiona vizuri ilikuwa mwezi wa nane 2012. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baridi ya asubuhi wanaijua, lakini theluji si jambo lao la kila mwaka. Wafanyakazi walitoka maofisini, wanafunzi wakatoka madarasani, watu wazima wakafungua midomo ili waionje. Mtoto wa miaka kumi siku ile alikuwa hajaiona katika mji wake tangu azaliwe. Nani atamlaumu kwa kuruka?

Na sisi ni hivyo hivyo. Mvua ya mawe ikipiga Masisi ao Lubero, watoto wanatoka na sahani kuokota barafu na kuitafuna, huku mama zao wakihuzunikia maharagi yaliyopasuliwa shambani. Kuna asubuhi ambapo wakaaji wa Goma wanaona kilele cha Karisimbi kimevaa nyeupe, na habari inazunguka mji. Wanande wana neno lao la theluji, nzururu, kwa sababu wanaiona kwa macho juu ya mlima Ruwenzori, unaofika mita 5,109, ingawa barafu yake inazidi kupungua. Kitu cha nadra kinavuta macho ya kila mtu.

Sasa tuje kwa mji unaosimama. Tarehe 28 mwezi wa kwanza 2014, theluji ya sentimita kama sita ilianguka Atlanta, mji mkubwa wa jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Makampuni, maofisi ya serikali na mashule yaliwaruhusu watu kurudi nyumbani karibu wakati mmoja, katikati ya mchana. Magari yote yakaingia barabarani kwa mara moja. Theluji iliyokanyagwa na magurudumu ikageuka barafu inayoteleza kama sabuni, na magari ya kumwaga chumvi yakashindwa kupita kwa sababu njia zimejaa. Maelfu ya watu walilala ndani ya magari yao. Kuna wanafunzi waliolala mashuleni, na wengine walikwama usiku ndani ya mabasi.

Dunia ilicheka sana siku ile. Lakini hata dereva aliyezaliwa Kanada hawezi kupita barabara iliyofungwa na magari ya mji mzima. Kosa kubwa lilikuwa la ratiba, na ratiba haipangwi na dereva. Gavana wa Georgia mwenyewe aliomba radhi hadharani siku chache baadaye. Alijua ni nani aliyeanguka mtihani.

Afrika ya Kusini nayo haikuona furaha peke yake. Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 mwezi wa tisa 2024, theluji nzito iliifunga barabara N3 kwenye milima ya Van Reenen, kati ya Johannesburg na bandari ya Durban. Ni barabara tunayopaswa kuijua, maana shaba nyingi ya Katanga inapitia huko kwa magari makubwa ili ifike baharini. Mamia ya magari yalikwama, wengine wakakaa humo zaidi ya siku nzima bila chakula wala moto, na mtu alipoteza maisha. Theluji iliyowachezesha watu mjini mwaka 2023, mwaka uliofuata iliua mlimani.

Lakini mfano ninaotaka tuushike zaidi ni ule wa Texas. Wakongomani ni kati ya wakimbizi waliopokelewa kwa wingi Marekani katika miaka ya karibuni, na Texas ni moja ya majimbo yaliyowapokea wengi. Ni nchi ya joto kali, na wengi wetu waliopelekwa huko walifikiri baridi ni shida ya watu wa Chicago.

Katikati ya mwezi wa pili 2021, baridi ya kaskazini ilishuka mpaka huko. Houston ilifika digrii 10 chini ya sifuri, Dallas digrii 19 chini ya sifuri. Siku ya kwanza kulikuwa na picha za theluji na vicheko. Kisha umeme ukakatika. Zaidi ya nyumba na biashara milioni 4.5 zilikuwa gizani, nyingi kwa siku kadhaa. Mabomba ya maji yaliganda na kupasuka, na zaidi ya watu milioni 12 walikosa maji safi ao waliambiwa kuyachemsha kabla ya kuyanywa. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Karibu theluthi mbili ya hao waliuawa na baridi yenyewe, wengine wakiwa ndani ya nyumba zao. Na hilo ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa kutoa mafuta na gesi.

Je, kosa ni la theluji? Hapana. Visima na mabomba ya gesi havikukingwa na baridi, vikaganda, na mitambo ya umeme inayotumia gesi hiyo ikazimika. Umeme ulipokatwa, baadhi ya mitambo inayosukuma gesi nayo ikakosa nguvu, na shida ikazaa shida. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya Texas ina mtandao wake wa umeme uliotengwa na majimbo mengine, kwa hiyo haikuweza kuomba umeme mwingi kwa majirani.

Na walikuwa wameonywa. Mwezi wa pili 2011 baridi ilikata umeme Texas vilevile. Wakaguzi wa serikali kuu waliandika ripoti, wakapendekeza mitambo ikingwe. Pendekezo lilibaki pendekezo, maana kukinga kunagharimu, na baridi kama ile ilisemwa kuwa ni ya nadra. Miaka kumi ikapita, baridi ikarudi.

Ushahidi mkubwa kabisa unatoka katika jimbo lile lile. Mji wa El Paso, ulio jangwani magharibi mwa Texas, uliumia mwaka 2011 kama wengine. Kampuni yake ya umeme ikatumia pesa kukinga mitambo, na tena mji huo umeunganishwa na mtandao wa majimbo ya magharibi. Mwaka 2021, wakati Houston ilikuwa gizani, wakaaji wengi wa El Paso walikuwa na umeme. Jua lao ni kali kama la wengine, theluji kwao pia ni mgeni. Wao walijiandaa.

Kuna watakaonijibu kwamba mji wa joto hauwezi kununua magari ya kuondoa theluji kwa ajili ya siku moja katika miaka kumi, wakati pesa za hospitali hazitoshi. Hoja hiyo ina uzito, na sidai Johannesburg ijifanye Montreal. Lakini mambo mengi yanayookoa maisha hayahitaji magari hayo. Kuwaruhusu wanafunzi asubuhi na wafanyakazi mchana hakulipiwi. Kufunga barabara ya mlimani kabla magari hayajakwama, kufungua ukumbi wenye joto kwa wasio na umeme, kutangaza hatari siku mbili mbele katika lugha ambazo watu wanazisikia, ni kazi ya kichwa kuliko ya mfuko. Na hata penye gharama, Texas ililipa mara nyingi zaidi kwa kutojikinga. Sheria ya kulazimisha mitambo ikingwe ilipitishwa mwaka ule ule wa 2021, lakini wafu walikuwa wamekwisha zikwa.

Neno hili "nadra" ndilo linalodanganya viongozi. Nadra haina maana ya kwamba haitakuja, ina maana ya kwamba hatujui siku. Sisi wa Goma hatuhitaji mwalimu kwa hilo: Nyiragongo ilimwaga moto mwaka 1977, ikarudi 2002, ikarudi tena 2021. Kila safari raia walikimbia na watoto mgongoni. Raia anayekimbia hana aibu. Aibu ni ya yule aliyekuwa na miaka kumi na tisa ya kujiandaa.

Kuna jambo moja ambalo raia mwenyewe anaweza kulifanya, nalo ndilo linalonihangaisha zaidi. Katika siku zile za Texas, watu waliokosa umeme walitafuta joto kwa njia waliyoijua. Wengine waliwasha makala ndani ya nyumba. Wengine waliwasha gari ndani ya gareji, ao jenereta karibu na mlango. Zaidi ya watu 1,400 walitafuta matibabu kwa sababu ya gesi ya moshi huo, na kuna familia zilizozika. Gesi hiyo, monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia usingizi, anadhani ni uchovu, analala, na haamki.

Mtu wa Goma anaweza kulielewa hilo upesi kuliko mtu wa Houston, kwa sababu anayajua mazuku. Mazuku ni gesi nyingine, inatoka ardhini na kutulia mabondeni, lakini nayo inaua bila kuonekana, na kila mzazi wa huku anamkataza mtoto kuingia katika shimo lake. Lakini mzazi huyo huyo, usiku wa baridi kule Masisi, Lubero ao Minembwe, anaingiza mbabula chumbani, anafunga mlango na dirisha, na watoto wanalala pembeni yake. Akipelekwa Texas ao Georgia, desturi hiyo inasafiri pamoja naye, na nyumba za huko zimezibwa vizuri kuliko zetu, hewa haipiti.

Kwa hiyo safari nyingine ndugu yako akikutumia video ya theluji, furahi pamoja naye. Kisha muulize: umeme upo? Ukikatika, utafanya nini usiku? Mwambie akusanye blanketi, watoto wote walale chumba kimoja, wavae nguo juu ya nguo, na atafute ukumbi wenye joto kama mji umefungua. Mwambie makala, jenereta na gari inayounguruma vikae nje, hata kama baridi inauma. Na wewe uliyebaki huku milimani, toa mbabula nje kabla ya kulala.